Usiku tunachati mpaka saa sita, mchana hanisalimii

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni msichana wa miaka 16, kuna mkaka tunasoma darasa moja, alianza kwa kuniomba notsi za hesabu basi ikawa kila siku, usiku tunachati mpaka saa sita na kuendelea, ananiambia mambo ambayo anasema hajawahi kumwambia mtu, juzi kaniandikia "nimekumisi" nikalia kwa furaha. Shida ni mchana. Shuleni ananipita kama hanijui. Jana nikamuuliza kwa meseji, tiki za bluu zikatokea, kimya mpaka asubuhi. Sijalala. Ananipenda kweli au ananichezea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na huo usiku, ile hali ya kuifunika simu halafu dakika mbili tu unaifunua tena uone kama kuna kitu, naijua.

Meseji haina sauti wala macho. Yeye kaandika "nimekumisi", ila sauti ya kuisoma umeiweka wewe, na umeiweka tamu. Sasa jumlisha usiku wote huo, yule mkaka wa kwenye simu nusu ni yeye na nusu umemtengeneza mwenyewe, na yeye huko kwake naye katengeneza wa kwake. Tena anayetaipu ana muda, anaandika anafuta anaandika tena mpaka ikae vizuri, akisimama mbele yako hana pa kufutia, na wenzake wakiwa pembeni wanamwangalia ndiyo ulimi unakufa kabisa. Kwa hiyo kukupita siyo lazima iwe dharau. Lakini pia usikubali kujulikana usiku tu.

Na hizo tiki za bluu, WhatsApp walizileta 2014, zinachosema ni kwamba meseji imefunguliwa, basi. Sababu ya kimya hazisemi, hiyo umeitunga wewe kitandani.

Usimuulize tena kwenye simu. Kesho mkikutana mlangoni msalimie kwa jina lake, watu wasikie, "mambo, ile hesabu uliipata?" halafu endelea na safari yako. Fanya hivyo siku tatu nne. Kama bado anageuza shingo, na usiku anakuja na "umelala?", mwandikie kwamba wewe unachati na mtu anayekusalimia. Itauma kuituma hiyo, najua, itume.

Ila saa sita usiku hapana jamani, umri wako unahitaji usingizi wa masaa 8 mpaka 10, na mtu akichoka kila neno linakuwa zito kuliko lilivyo. Simu ilale chumba kingine.

Halafu kumbuka skrinshoti, ulichoandika kinaweza kuzunguka darasa zima hujaamka. Akiomba picha ambayo huwezi kumwonyesha mama, usitume hata akinuna, na umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo.

Niandikie tena mwanangu, nataka kujua hiyo salamu ameipokeaje.