Maswali ya wasomaji: nani msimamizi wa kompyuta ya nyumbani?

Fundi aliniwekea Windows upya, akaniachia akaunti moja tu, ya msimamizi. Kuna ubaya?

Upo. Akaunti ya kwanza kufunguliwa wakati wa kuweka Windows ndiyo inayopewa usimamizi, yaani ruhusa ya kubadilisha mfumo mzima, na wengi tunabaki nayo miaka. Tangu toleo la Vista, mwaka 2007, Windows huuliza kabla programu haijagusa mfumo. Ukiwa msimamizi unabofya "Ndiyo" tu, na mkono umeshazoea. Ukiwa na akaunti ya kawaida unadaiwa neno la siri la msimamizi, na hapo unapata nafasi ya kujiuliza: nilitaka kusoma ankara tu, mbona inataka kubadilisha mfumo?

Fungua akaunti ya pili, ipe usimamizi na neno la siri gumu. Ingia nayo, kisha ishushe ile ya zamani iwe ya kawaida. Mafaili yako yatabaki palepale.

Watoto nao wawe na akaunti yao?

Ndiyo, ya kawaida, na neno la siri la msimamizi wasilijue.

Nikishafanya hivyo, antivirusi ya nini tena?

Bado unaihitaji. Akaunti ya kawaida inaukinga mfumo, lakini picha na nyaraka zako unazibadilisha bila kuomba ruhusa, kwa hiyo hata virusi vya kudai fidia vinaweza kuzifunga. Nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari nazo huibwa hivyohivyo. Virusi vingine hupenya kwenye tundu la mfumo wenyewe: kirusi cha WannaCry, Mei 2017, hakikusubiri mtu abofye kitu, ingawa Microsoft ilishatoa kiraka cha kuziba tundu hilo mwezi Machi. Sasisha Windows, na nakili mafaili kwenye diski ya nje unayoichomoa ukimaliza.

Mwanangu kashusha gemu ya kukraki, ile iliyovunjwa kinga ili ichezwe bila kulipiwa. Maelekezo yanasema nizime antivirusi, halafu nifungue gemu kama msimamizi.

Tafadhali usifanye hivyo. Ni sawa na mgeni anayetaka mlinzi aondoke kwanza, kisha apewe funguo zote. Najua bei ya gemu halali inauma na mtoto simlaumu, ila waliotengeneza maelekezo hayo wananikasirisha kweli, maana wanajua anayeyafuata ni mtoto.

Kama ameshaifungua, kata intaneti sasa hivi. Badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia simu, usitumie kompyuta hiyo. Kisha okoa picha na nyaraka peke yake, na Windows iwekwe upya.