Kiinua Mgongo Kilichokwenda Baharini

Nilistaafu ualimu Desemba 2018, nikiwa na miaka 60 kamili na magoti mawili yasiyosikilizana. Kwa miezi 8 iliyofuata sikuwa mwalimu wala mstaafu. Mshahara umekatika, pensheni haijaingia, faili liko Nairobi kwenye ofisi fulani, na kila nikipiga simu naambiwa linashughulikiwa. Basi nyinyi mlio na miaka 57 au 58, wekeni kando pesa za chakula za mwaka mzima kabla hamjaaga kazi. Sisi tulikula kwa kofia. Mama watoto hushona kofia za viua, moja humchukua jioni za miezi 2 au 3, na mwaka ule aliuza hata aliyokuwa amemwekea mjukuu.

Halafu pesa zikaingia, na mtaa mzima ukajua kabla yangu. Watu wakisikia milioni mbili hudhani mwalimu ametajirika, kwa hivyo ngoja niiweke hesabu wazi, ile ya sisi wa mpango wa zamani. Unachukua mshahara wa msingi wa mwisho, unauzidisha kwa miezi uliyotumikia, unagawanya kwa 480. Tuseme msingi ni shilingi 40,000 na umetumikia miaka 33, yaani miezi 396. Pensheni yako ni 33,000 kwa mwezi. Ukitaka robo yake ulipwe kwa mkupuo, unachukua robo ya pensheni ya mwaka, ambayo ni 99,000, unaizidisha mara 20: shilingi 1,980,000. Hicho ndicho kiinua mgongo. Zinazobaki ni 24,750 kila mwezi, mpaka siku yako ifike. Marupurupu ya nyumba hayamo kwenye hesabu hiyo, na wengi wetu tulikuwa tumeshayazoea kama sehemu ya mshahara. Walimu vijana walioingizwa kwenye mpango ulioanza Januari 2021 wao hukatwa asilimia 7.5 na serikali huongeza 15, na watakachokula uzeeni kitategemea mfuko wao ulivyonona. Hao wajifunze kusoma taarifa za mfuko mapema.

Mimi nikanunua mashua.

Msinicheke. Kuzaliwa Langoni, hapa Lamu, hakumfanyi mtu nahodha, lakini nilikuwa nimekaa miaka kwenye gati nikitazama wageni wakipelekwa magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto, nikipiga hesabu za watu wengine. Mashua na mashine vilikula karibu nusu ya kiinua mgongo. Nikatafuta nahodha kijana wa Matondoni, hodari, mwenye adabu, nikamwambia tutagawana. Miezi ya kaskazi, msimu wa wageni, ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo nilipoharibika, maana nilianza kuitumia faida kama mshahara.

Machi 2020 ndege za kutoka nje zikasimamishwa. Mashua ikavutwa matopeni. Nahodha akaenda kuvua ili wanawe wale, na sikuwa na uso wa kumzuia. Corona nimeilaumu sana, lakini nikiwa mkweli mashua ingenishinda hata bila corona. Chombo cha mbao ni kama mgonjwa wa nyumbani. Kinataka kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, kinataka sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) chini, na kila kimoja kina fundi wake na bei yake, wala fundi hangojei pensheni iingie. Nilishuka kukitazama baada ya miezi kadhaa. Nikabonyeza ubao mmoja karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye mkate wa boflo ulioloa. Nilisimama pale maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Niliuza mwaka uliofuata kwa theluthi ya pesa nilizotia.

Kwa hivyo mtu akiniuliza afanye biashara gani akistaafu, mimi humuuliza maswali ya kizee. Siku ukiumwa, kazi itakungoja au itaoza? Inategemea mikono ya nani? Ukitaka kuacha, utaacha na nini mkononi? Na je, umeshawahi kuifanya, hata kwa mwezi mmoja, ukiwa bado una mshahara? Mimi kwa mashua majibu yote yalikuwa mabaya, ila hakuna aliyeniuliza. Wote walikuwa wakinipongeza.

Na kiinua mgongo chenyewe, ningekiacha benki mwaka mzima bila kukigusa, hata kama riba ni ya kuchekesha. Mwaka huo utajijua wewe ni nani bila kengele ya shule. Pia utawapunguza wakopaji. Wenye shida ya kweli utawajua, hao ni wako, wape kidogo usichokitegemea kurudi.

Kazi niliyonayo sasa ilikuja bila mipango. Mjukuu wangu alinifundisha kujaza ritani za KRA, zile fomu za mwaka za mamlaka ya kodi, kwenye kompyuta yake ya mkononi, kwa sababu nilichoka kulipa watu wa saiba, maduka ya intaneti. Jirani akaomba nimjazie. Kisha mwenye punda za mizigo, kisha muuza samaki. Leo nimeweka meza ndogo kwenye daka la nyumba yetu, kile kibaraza cha mlangoni, mashine ya kuchapisha niliyonunua ya mkono wa pili, na kiti kirefu cha mbao kilichotengenezwa kwa kipimo cha magoti yangu, maana kiti kifupi nikikaa siinuki bila kusaidiwa. Nafungua baada ya alasiri, nafunga ikiadhiniwa magharibi. Fomu shilingi 100, barua 150, mjane hatoi kitu.

Mwezi wa kawaida hupata kama 9,000. Juni hupanda, kwa sababu mwisho wa ritani ni tarehe 30 na sisi watu wa pwani hukumbuka tarehe 28. Juni ni kusi pia. Bahari chafu, wageni hakuna, hoteli nyingine zimefunga milango, vyombo vimefungwa kamba. Miezi iliyokuwa ikiniua na mashua ndiyo inayonilisha dakani hapa. Tazameni kalenda ya mji wenu kabla hamjachagua kazi.

Hapo mezani ndipo ninapoona mambo ambayo mtu hawezi kukuhadithia. Alikuja mpishi mmoja aliyefanya kazi hotelini miaka mingi, amefika 60, anataka kudai NSSF yake, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Tukafungua taarifa zake. Michango ya miaka ile yote ilikuwa michache, hatukuhitaji hata kuviringisha ukurasa. Alikuwa akikatwa kila mwezi na karatasi za mshahara anazo kwenye mfuko wa nailoni, lakini pesa hazikupelekwa. Sasa anazunguka na mfuko wake. Wewe unayekatwa leo, asilimia 6 yako na 6 ya mwajiri, kagua kila miezi mitatu ukiwa bado una nguvu za kugombana.

La matibabu halina marefu: ukishatoka kwenye mshahara, SHA, ile bima ya afya ya serikali, haikatwi yenyewe tena. Unapimwa kipato cha kaya na unalipa ya mwaka mzima kwa pamoja, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Iweke ilipwe siku pensheni inapoingia. Na msiingoje ile 2,000 ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hiyo ni ya waliofika miaka 70 wasio na pensheni.

Juni iliyopita alikuja nahodha wangu wa zamani. Ana chombo chake sasa, kidogo, cha kuvulia. Alivua kofia, akanipa mkono.

"Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa wewe ndiwe wa ritani."

"Marahaba mwanangu. PIN ya KRA unayo?"

Hakuwa nayo. Tukaanza kumtafutia, intaneti ikakatika, tukakaa tunazungumza habari za samaki, changu na tafi, mpaka ikarudi. Aliponyoosha shilingi 100 nilitaka kuikataa, akaiweka chini ya kibodi akaondoka.