Ukuta wa kale wa mawe: saruji au chokaa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Kijijini kwetu kuna nyumba ya mawe ya zamani, imejengwa mteremkoni juu ya chemchemi na haikaliwi tena. Tumeunda kamati ya kuitunza pamoja na kisitu kinachoizunguka, na mfadhili ametupa mifuko ya saruji. Kuta zina nyufa, mawe ya chini yanamomonyoka, na juu ya ukuta mmoja umeota mti. Fundi mmoja mzee anatukataza kabisa kutumia saruji. Je, yuko sahihi? Na mti tuung'oe?

JIBU: Yuko sahihi, na msimwache aende zake, maana mtamhitaji.

Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland huko Uingereza mwaka 1824. Kuta za kabla ya hapo, na nyingi za baadaye, zilishikanishwa kwa chokaa au udongo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia kwenye viungo kati ya jiwe na jiwe. Mkiziba viungo hivyo kwa saruji, maji hubaki na njia moja tu: kupitia kwenye jiwe lenyewe. Yakifika usoni hukauka na kuacha chumvi, na chembe za chumvi zinapokua ndani ya vitundu vya jiwe hulipasua kutoka ndani. Ndiyo maana mtu huona viungo vya saruji vimesimama imara huku mawe yameliwa yakaingia ndani kama meno mabovu. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliwahi kuharibu ukuta wa kisima hivyo hivyo, tena nikasifiwa siku ya makabidhiano. Kiungo ndicho kinachotakiwa kuchakaa, kwa sababu kubadilisha kiungo ni rahisi. Jiwe likishakwisha, basi.

Lakini kabla ya kugusa kiungo chochote, shughulikieni maji. Mawe ya chini yanapomomonyoka, mara nyingi kuna udongo uliorundikana ukutani au maji ya mvua yanayotua hapo hapo. Ondoeni udongo huo, kwa uangalifu msije mkafukua msingi, kisha chimbeni mtaro upande wa juu wa mteremko uyapeleke maji pembeni. Subirini ukuta ukauke. Huenda mkakuta kazi imepungua nusu.

Kisha chukueni bonge la mota ya zamani, yaani ule mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshikanisha mawe, livunjeni, mlitie kwenye siki. Chokaa itatoa mapovu na kuyeyuka polepole, na chini utabaki mchanga. Uangalieni kwa karibu: rangi yake, ukubwa wa chembe, kama ni mkali au laini. Huo ndio mchanga wa kutafuta. (Kama ulikuwa wa maganda ya kome au wa mawe ya chokaa, nao utayeyuka, kwa hiyo linganisheni kwanza kwa macho.) Sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchemkia majini) kwa sehemu 3 za mchanga ni mwanzo mzuri. Mkizima chokaa wenyewe, itieni chokaa ndani ya maji. Msimwagie maji chokaa. Huchemka kwa nguvu na inaweza kumpofua mtu, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima.

Chokoeni kiungo kwa mkono, si kwa mashine, hadi kina kifike angalau mara mbili ya upana wake. Lowesheni ukuta, shindilieni mota, kisha funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kufyonza hewa ya ukaa, na ikipigwa jua kali mapema hubaki unga.

Msizibe kila tundu. Kaeni pale jioni moja mtazame nani anatoka: popo, mijusi, nyuki, mbayuwayu. Penye viota, subirini makinda yaruke, na matundu ambayo hayahatarishi ukuta yaacheni wazi. Mmesema mnatunza na kisitu. Basi wakazi wake wengine wanalala humo ukutani.

Mti sasa. Mche mwembamba kama kidole ung'oeni leo. Mkubwa msiuvute, kwa sababu mizizi imekumbatia mawe na itatoka nayo. Ukateni shina, mkiendelea kukata machipukizi, na mizizi ikishakufa mfungue sehemu hiyo kidogo kidogo na kuijenga upya. Dawa ya kuua mimea msitumie hapo, kwani chemchemi iko chini yenu. Na kama mti ndio unaoshikilia ukuta, mwiteni mhandisi kwanza. Katika hekalu la Ta Prohm, Angkor, nchini Kambodia, miti mikubwa imeachwa juu ya mawe, nayo sasa inatunzwa kama mawe yenyewe.

Pigeni picha kila upande kabla ya kuanza, na ulizeni mamlaka ya mambo ya kale kama kibali kinahitajika. Palipobomoka bila kuacha alama ya jinsi palivyokuwa, msibuni. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ule wa kimataifa kuhusu utunzaji wa majengo ya kale, unataka urejeshaji ukome pale makisio yanapoanzia.

Ile mifuko ya saruji isiwape aibu mbele ya mfadhili. Mkianza kupokea wageni mtahitaji choo. Kijengeni kwa saruji hiyo, upande wa chini wa chemchemi, mbali nayo.