Ukitaka kuimba Zaburi kwa roki, anza na maneno

Kwa miaka mingi nimepiga gitaa la besi kwenye bendi hapa Nairobi. Nilipoamua kutoa albamu yangu mwenyewe ya Zaburi kwa mtindo wa roki, nilikosea mwanzoni kabisa: nilitunga muziki kwanza, kisha nikatafuta zaburi ya kuingiza humo. Wewe usifanye hivyo.

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Roki nayo, katika kila mapigo manne, huangusha uzito wake kwenye pigo la pili na la nne. Visipokutana, neno linavunjika. Nilimchezea shosho yangu, anayeijua Zaburi ya 13 kwa moyo, rekodi yangu ya kwanza ya zaburi hiyo, akasikiliza hadi mwisho na kusema, "Mjukuu wangu, gitaa nalisikia. Maneno siyasikii."

Siku hizi nakaa na zaburi bila chombo chochote, naisoma kwa sauti huku nikipiga makofi. Katika mistari miwili ya kwanza ya zaburi hiyo, "hata lini" imerudiwa mara nne. HA-ta LI-ni: mkazo wa kwanza unaangukia pigo la pili, wa pili unaangukia la nne. Kiitikio kilikuwa pale tangu zamani, kikisubiri ngoma tu.

Halafu, usizikimbie zaburi za kilio. Wengi wetu hukimbilia ya 150 kwa sababu ya matoazi yavumayo sana, na ni nzuri kweli. Lakini gitaa lenye mkwaruzo lina kazi kubwa zaidi kwenye ya 88, inayoishia gizani bila mapambazuko. Prodyuza alinisihi niongeze ubeti wa matumaini mwishoni. Nilikataa. Wimbo unakatika palepale, kwa sababu naamini aliyetoka kuzika juzi anahitaji kujua kwamba Biblia imemwachia nafasi ya kulia.

Na ukikutana na neno "Sela", ambalo wengi hulichukua kuwa alama ya kutua, nyamaza. Mimi huacha gitaa peke yake kwa vipimo vinane, yaani mapigo manne mara nane.

Kuhusu haki: zaburi ni za kale, ila tafsiri ina wenyewe. Kama unatumia Union Version, waandikie vyama vya Biblia kabla ya kuingia studio.

Wenzako kwenye bendi nao wasisikie kwa watu kwamba unatoa albamu yako mwenyewe. Niliwaketisha nikawaeleza mapema, na mpiga ngoma wetu akajitolea kupiga bure. Nilimlipa hata hivyo. Albamu ni yangu, lakini jasho ni lake.

Nilipomrudia shosho na rekodi mpya, alikunja uso gitaa lilipoingia. Ilipofika "hata lini" ya tatu, alikuwa amefumba macho, akiisema pamoja nami.