Maswali yenu ya kusaka mtandaoni: tafuta kwa neno la mwenye jibu

Haya, wiki hii simu imejaa mpaka nikaizima nikale kwanza. Maswali mengi yafanana kwa hivyo nimechukua haya.

*Mwalimu ametupa kazi ya magofu ya Gede, kila nikitafuta naletewa mahoteli na safari za watalii. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Malindi*

Pole mwanangu. Wewe waandika "Gede Malindi", na wanaoandika hivyo wengi ni wenye kuuza vitanda, ndo maana wanakujibu wao. Kwanza jina lenyewe, kuna wanaoandika Gede na kuna wanaoandika Gedi, hata UNESCO walipoitia kwenye urithi wa dunia 2024 wameandika Gedi, sasa ukitafuta moja tu nusu ya habari imekupita. Halafu jiulize, mtu aliyechimba pale chini angetumia maneno gani? Hawezi kuandika "pahali pazuri pa kutembea". Jaribu hivi: Gedi Kirkman excavation -hotel -tours. Hiyo alama ya kutoa ishikane na neno, usiache nafasi, na Kirkman ni James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo 1948.

Sasa usiishie hapo tafadhali. Nenda Google Scholar, ile Google ya makala za watafiti, tafuta lolote alilolichapisha kuhusu Gedi, chini yake utaona "Cited by" na namba, bofya hapo. Hao ni watu waliokuja baadae wakamtaja, na utamu wote uko hapo manake Kirkman aliuona ule mji kama mji wa Waarabu na waliomfuata wakampinga, wakasema la, hao ni Waswahili wenyewe, watu wa pwani hii hii. Mwanafunzi anayesoma jibu la kwanza tu anampelekea mwalimu hadithi ya enzi za mkoloni na hajui.

*Nikiandika tafi kwenye simu sipati chochote cha maana. Nataka kujua msimu wake wa kutaga. – Mvuvi, Kizingitini*

Shikamoo ami. Wewe kwa tafi wanishinda, mimi namjua akiwa kwenye sahani tu. Shida ni kwamba wataalamu wakimwandika hawamwiti tafi, kwa hivyo lazima upate jina lao kwanza. Ingia FishBase, ni kama daftari kubwa la samaki wa dunia nzima, lina kisanduku cha kutafutia majina ya kawaida na ya lugha nyingi yamo. Tafi wetu wa kila siku ni Siganus sutor, na sutor kwa Kilatini ni mshona viatu, mtu wa sindano, aliyewahi kudungwa na ule mwiba hatashangaa. Ukishapata jina hilo rudi Scholar uandike "Siganus sutor" ndani ya alama za kunukuu, uongeze neno spawning (yaani kutaga) na Kenya, utaona watafiti wa huku kwetu wamemchunguza sana. Kisha wakisema kinyume na unavyoona wewe baharini, andika tarehe zako, nazo ni elimu.

*Picha ya mafuriko imezagaa kwenye grupu ati ni hapa Lamu jana. Ni kweli? – Mama, Langoni*

Dadangu, ungechungulia dirishani tu! Haya, ibonyeze ile picha kwenye Google Lens au uipandishe TinEye, uangalie ilitokea lini mara ya kwanza. Ikiwa ilikuwepo miaka mitano nyuma basi si ya jana.

*Najisomea mambo ya mikoko sina chuo, kila makala nzuri yataka dola. – Kijana, Mokowe*

Usilipe. Kwenye Scholar chini ya makala kuna "All versions", mara nyingi moja kati ya hizo ni PDF ya bure aliyoiweka mwandishi mwenyewe. Jaribu pia AJOL, majarida ya Afrika, mengi yako wazi. Ikishindikana mwandikie mwandishi barua pepe umwambie uko Lamu, kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wengi hufurahi wakakutumia siku hiyo hiyo.

*Si niulize tu hizi programu za akili bandia, kwani lazima nisumbuke? – Mvivu wa Shela (amejiita mwenyewe)*

Uliza, mimi pia huuliza. Lakini nilipotaka vitabu kuhusu mtepe, ile jahazi ya mbao za kushonwa kwa kamba za mnazi, nikaletewa orodha safi kabisa na miaka yake, nikasaka kimoja kimoja na viwili wallahi havikuwepo duniani. Siku hizi naiuliza kitu kimoja: wataalamu wa jambo hili hutumia maneno gani? Hapo ni nzuri sana, inanipa sewn boat na lashed planks ambazo nisingezifikiria. Maneno nayachukua, vitabu naenda kutafuta mwenyewe.

*Linki niliyoihifadhi haifunguki tena. – Malindi*

Nenda web.archive.org, bandika anwani ya ule ukurasa, chagua mwaka ulipouona. Wanahifadhi kurasa tangu 1996. Hufunguka polepole, usibofyebofye, ngoja.