Kwa fundi wa mabati anayeanza kuezeka vigae vya lami Marekani

Wengi wetu tunaoingia kwenye kazi ya paa huku Ohio, Kentucky au Minnesota si wageni wa kupanda juu. Mwingine alikuwa fundi Goma, mwingine Kigoma, mwingine Eldoret. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, unaijua, papi za kupigilia bati unazijua, na jua la saa saba halikutishi. Huo ni mtaji. Ila kuna mazoea ya mabati ambayo ukipanda nayo hapa utarudishwa chini mapema, na la kwanza ni msumari.

Kwenye bati unagonga juu ya tuta, kichwa kinabaki nje na mpira wake, kila mtu anakiona. Kwenye vigae vya lami msumari unaoonekana ni kasoro. Kila kigae kina mstari uliochorwa kiwandani. Piga hapo, halafu safu inayofuata ifunike vichwa vyote. Vigae vingi vya siku hizi ni vya tabaka mbili zilizogandishwa, na mstari ule uko mahali ambapo msumari mmoja unashika zote mbili. Ukipiga juu ya mstari kidogo tu, tabaka la chini limebaki bila kushikwa na siku moja litateleza likaangukie bustanini. Ukipiga chini yake, umeyapa maji tundu. Misumari minne kwa kigae ndiyo kawaida, sita penye upepo mkali.

Bunduki ya misumari nayo ina tabia zake. Kichwa kinatakiwa kilale sawasawa na uso wa kigae. Presha ya kompresa ikizidi, kichwa kinakata kigae na kuzama. Ikipungua, kinabaki kimesimama na baadaye kitatoboa kigae kilicho juu yake. Na presha iliyofaa asubuhi kukiwa na baridi haifai mchana, lami ikishapata joto na kulainika. Mtazame fundi mkongwe: kila baada ya muda anapitisha kidole gumba juu ya vichwa alivyopiga, kisha anarekebisha bunduki bila kusema na mtu. Kaa karibu na huyo, hata kama yule mwenye kasi anachekesha zaidi.

Paa lililochoka utalijua ukiwa bado chini. Kingo za vigae zimejikunja, gata, ule mfereji wa maji ukingoni, limejaa chembe za mawe kama mchanga mweusi, na juu kuna mabaka ya lami iliyobaki uchi. Chembe zile ndizo zinazokinga lami isiliwe na jua. Zikishapukutika, kigae kinakauka na kupasuka. Hapo mwenye nyumba mara nyingi atauliza kama hamwezi kuezeka juu ya vya zamani ili aokoe pesa. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi haziruhusu tabaka la tatu. La pili linaruhusiwa, lakini mimi silipendi, kwa sababu unafunika mbao ambazo hujazitia machoni.

Kubomoa kunaanzia kwenye kofia, yaani kileleni mwa paa, kushuka, na sheria yake haina ubishi: msifumue zaidi ya mnachoweza kufunika kabla ya jioni. Vigae vikishatoka, tembea juu ya mbao polepole. Inayobonyea chini ya mguu imeoza, ikatwe mpaka katikati ya kenchi na iwekwe mpya. Misumari ya zamani iliyobaki imesimama ing'olewe au igongwe izame, usiache hata mmoja utoboe karatasi ya kuzuia maji inayotandikwa juu ya mbao kabla ya vigae. Chini, kabla ya kuondoka, pitisheni sumaku kwenye nyasi na kwenye njia ya gari. Mwenye nyumba atasahau paa zuri mlilomwekea siku tairi lake litakapotoboka.

Kitu kitakachowashangaza waliotoka kwetu ni kwamba huku maji hupanda. Theluji iliyo juu ya paa inayeyushwa na joto la ndani ya nyumba, maji yanateremka mpaka ukingoni ambako pana baridi, yanaganda na kuwa kizuizi, na yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae. Ndiyo maana kwenye majimbo ya baridi ukingo wa chini unatandikwa karatasi nzito yenye gundi, ikipanda mpaka ipite mstari wa ukuta wa nje kwa inchi 24 kuelekea ndani. Msimamizi akikwambia uibanie karatasi hiyo, ujue mnafanya kazi ambayo itarudi. Mabati ya kingo nayo yana mpangilio: ukingo wa chini, bati linatangulia na karatasi inalala juu yake, kingo za pembeni, karatasi kwanza, bati juu.

Katikati ya mteremko hata mwanafunzi ataezeka vizuri kwa muda mfupi. Paa huvujia kwenye maungio: kwenye dohani, kwenye bomba la choo linalotokeza juu, bondeni ambako miteremko miwili inakutana, na pale paa linapogusa ukuta. Mpira unaozunguka bomba hupasuka mapema kuliko vigae, kwa hiyo paa jipya liwekewe mpira mpya. Ukutani, kila safu ya vigae inapata kipande chake cha bati kilichokunjwa, nusu kikilala juu ya kigae na nusu kikipanda nyuma ya mbao za ukuta. Si bati moja refu, na wala si silikoni. Silikoni ni ya yule anayetaka kulipwa leo na kuhama kesho. Utaona watu wakiacha vipande vya zamani vyenye kutu kwa sababu kuvitoa kunachelewesha. Omba kazi hiyo wewe. Ni ya taratibu na wengi wanaikimbia, na humo ndimo utakamojifunza jinsi maji yanavyotembea.

Kuhusu kuanguka nitasema machache. Sheria ya shirikisho ya usalama kazini inataka kinga kuanzia futi 6, na mkanda na kamba ni gharama ya mwajiri, si yako. Ngazi ivuke ukingo wa paa kwa futi 3. Anayekuambia kwamba kwenu mlipanda bila kamba anaongelea mgongo wako, si wake.

Sasa malipo. Kazi hupimwa kwa skwea, yaani futi 100 za mraba, kwa kawaida vifurushi 3 vya vigae. Kabla hujapanda, uliza kama unalipwa kwa saa au kwa skwea, na kama kubomoa kumo ndani ya bei hiyo. Uliza pia utapewa fomu gani ya kodi. Ukiwa na W-2 wewe ni mwajiriwa. Ukiwa na 1099 wanakuhesabu mkandarasi: kodi unajilipia mwenyewe, na ukiumia huenda hakuna bima inayokuhusu. Lakini kuitwa mkandarasi kwenye karatasi hakutoshi kisheria. Huangaliwa pia nani anakupangia kazi, vifaa ni vya nani, na kama una uhuru wa kufanya biashara yako. Andika skwea zako kila jioni kwenye simu, pamoja na anwani ya nyumba, na umtumie msimamizi kwa ujumbe ili naye awe nazo.