Umepewa wiki ya kaizen uiongoze? Slaidi ziache kwenye flashi

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja, supavaiza kwenye kiwanda cha vifungashio Arusha. "Dada, shikamoo. Nimeteuliwa kuongoza wiki ya kaizen mwezi ujao. Semina nimehudhuria, slaidi zote ninazo, ila nikifikiria kusimama mbele ya mafundi walioanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi, tumbo linaniuma. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa wasioijua, kaizen ni mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, na wiki yake ni siku chache ambazo timu inakaa na tatizo moja la kiwandani mpaka ilitatue.

Nimeandaa viongozi wa timu kwa miaka sasa, zaidi kwenye viwanda vya plastiki hapa Dar es Salaam. Baadhi yao leo ni mameneja na bado wananipigia simu, na sioni haya kulisema. Tangu 2013, Wizara ya Viwanda na Biashara ilipoanza mradi wa kaizen pamoja na JICA, shirika la misaada la Japani, semina hazijawahi kuwa haba. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, maneno matano ya kaizen ya kuweka mahali pa kazi sawa: hata ukienda hospitali kupima malaria unaweza kuyakuta ukutani. Anayekosekana ni mtu wa kusimama na timu kando ya mashine inayovuja mafuta, watu wakamwambia ukweli.

Nikupe kazi ninayojivunia. Kiwanda cha ndoo na madumu. Kubadilisha moldi, yaani kalibu inayoipa plastiki umbo, ya dumu la lita tano kuweka la lita kumi, mashine ilikuwa inalala zaidi ya saa mbili. Nikaombwa nimwandae kiongozi wa timu, nikamchagua binti wa shifti ya usiku ambaye hakuwahi kuongoza chochote, ila alikuwa mhazini wa kikoba mtaani kwao. Walinishangaa. Mhazini wa kikoba anajua kuuliza hela imekwenda wapi bila kumwita mtu mwizi, na wiki ya kaizen haina ujuzi mkubwa kuliko huo.

Kabla ya wiki yenyewe nilimpa saa ya kupimia na daftari. Aangalie moldi ikibadilishwa mwanzo hadi mwisho, aandike kila kinachofanywa na mikono na miguu ya fundi. Asishauri, asiguse kitu. Daftari likarudi limejaa: kaenda stoo kutafuta boliti, kaenda karakana kuazima alenki (funguo za boliti zenye tundu la pembe sita), kasubiri chenibloku ya kunyanyulia moldi, iko mashine ya jirani, hozi ya maji ya kupozea haina klipu, kaitafuta. Kufunga moldi kwenyewe kulikuwa sehemu ndogo tu ya muda wote ule.

Mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, aliyaona hayohayo mwaka 1950 kule Hiroshima, kwenye kiwanda cha Toyo Kogyo, ambacho sisi tunakijua kwa magari yake, Mazda. Fundi wa presi, mashine ya kukandamiza bati, ya tani 800 alikosa boliti moja. Akazunguka zaidi ya saa nzima, mwisho akachukua boliti ndefu ya presi nyingine, akaikata na kuichonga meno upya. Shingo akazigawa kazi mafungu mawili: zinazolazimu mashine isimame, na zinazoweza kuandaliwa mashine ikiwa bado inafanya kazi. Mwaka 1969 akaitwa Toyota kwenye presi ya tani 1,000 iliyokuwa inachukua saa nne kubadilishwa. Ikashushwa hadi dakika 90, kisha uongozi ukadai chini ya dakika tatu, na wakafika. Siku ya kwanza binti alisimulia kisa cha boliti tu. Mafundi walicheka sana, maana hakuna asiyewahi kuchomoa boliti ya jirani.

Siku ya pili akafika kwenye alenki. "Kwa nini zinapotea?" Kimya. Meneja uzalishaji akafungua mdomo, nikamkanyaga kiatu, kweli kabisa. Binti naye hakuongeza neno. Opereta mmoja mzee, sote tunamwita Mjomba, akanyanyuka, akaenda kwenye loka yake, akarudi na kipande cha khanga kilichopigwa fundo. Ndani, seti nzima ya alenki aliyoinunua mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa hela yake. "Za kampuni ikipotea moja tunakatwa mshahara. Kwa hiyo mwenye stoo anazifungia, na jioni anaondoka na funguo."

Ukikimbilia kuwapa watu majibu, khanga ile haifunguliwi.

Kufikia Ijumaa kulikuwa na toroli lenye vifaa vyote, kila spana imechorewa mahali pake kwa rangi, na moldi inayofuata inasogezwa karibu mashine ikiwa bado inapuliza madumu. Tukashuka chini ya saa moja. Kukatwa mshahara kukafutwa, na mimi hilo ndilo ninalolihesabu.

Matokeo yakapelekwa kwa wakurugenzi. Aliyeyawasilisha ni mshauri aliyekuja Ijumaa kupiga picha. Jina la binti halikuwemo, la Mjomba halikuwemo, langu usiulize. Nimesamehe, lakini nikipita lile geti bado nageuza uso. Kwa hiyo majina ya timu yaandikwe kwenye karatasi ya ukutani siku ya kwanza, kabla hata ya tatizo, na opereta ndiye awasilishe. Akigugumia, agugumie. Kazi ni yake.

Nanyi mnaowaandaa viongozi, nisikilizeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na mpango wa kuwafundisha wasimamizi wa viwandani, ukaja kupelekwa Japani vita vilipokwisha. Hatua zake nne: mwandae, mwoneshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Na walikuwa wanasema, mwanafunzi hajajua maana yake mwalimu hajafundisha. Semina zetu zinaishia kwenye kuonesha, watu wanapewa cheti na soda. Mwache ajaribu! Kaa nyuma yake, funga mdomo, mkanyage meneja ikibidi. Halafu nenda kwenye mashine, usikilize. Nasema tena, usikilize.

Mengine ni ya kawaida: ongea mapema na mpangaji wa uzalishaji ili mashine itengwe kweli, na fundi umeme awe zamu. Fulana na chai vitajipanga vyenyewe.

Wiki ikishapita, subiri kidogo, kisha nenda shifti ya usiku bila taarifa. Ukikuta toroli halipo, usifoke. Uliza nani kalihamisha na kwa nini. Letu tulilikuta kwa watu wa mashine ya ndoo, wamelikagua mpaka magurudumu, wanapima vyuma wajitengenezee la kwao.